Vichaka vya Wifi Somoe

Wifi yangu Somoe amezikwa Jumanne iliyopita, kijijini kwao nje kidogo ya Newala, na mimi sikwenda. Niko eda. Mume wangu alifariki kabla ya Ramadhani, na hadi siku zangu zitimie sivuki geti la nyumba hii ya Tegeta, si kwa harusi wala kwa msiba, hata kama msiba wenyewe ni wa mtu aliyenifundisha namna ya kutazama dunia. Wanangu walihangaika kutafuta ruhusa. Mmoja alimpigia shehe, mwingine akamuuliza mama mkwe wake, majibu yakaja mawili tofauti, nikawaambia waache. Walikwenda wao, mimi nikabaki na dirisha. Siku ya maziko nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama nje, simu mapajani, na waliponiambia kwamba sasa wanamtoa ndani, nililia kwa sauti hadi dada wa kazi akaja mbio kutoka jikoni. Alidhani namlilia mume wangu upya. Nilikuwa namlilia Somoe, na nilikuwa naulilia uwanja mmoja wa Boko ambao hivi leo umekaliwa na ghorofa la mtu nisiyemjua.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri majibu, na kaka yangu Salumu akanichukua nikakae na mkewe. Kaka alikuwa dereva wa malori ya mizigo, leo yuko Songea, kesho yuko Tunduma, na hakupenda mke awe peke yake kwenye nyumba mpya. Boko ya wakati ule haikuwa hii ya maduka ya vigae na foleni. Viwanja vilikuwa ndiyo vinakatwa, msitu mdogo wa pwani bado umesimama vipande vipande, na kila aliyenunua kiwanja jambo la kwanza aliita greda likwangue. Kwa kaka greda lilikwangua hadi mawe ya chokaa yakatoka nje. Nyumba yenyewe ilikuwa na bati na milango, plasta hakuna, na sebuleni tulikalia mikeka kwa sababu makochi yalikuwa bado kwenye mazungumzo. Ukifungua dirisha la chumba cha Somoe uliona uwanja mweupe unaoumiza macho, kamba ya nguo, na kunguru. Kunguru wa Dar es Salaam sina haja ya kumweleza mtu. Walitua kwenye karo, wakaiba sabuni, wakagombana juu ya bati tangu alfajiri, na zaidi yao hapakuwa na kiumbe mwingine mwenye mabawa.

Usiku wangu wa kwanza pale, baada ya kula mbaazi za nazi ambazo hadi leo sijapata kuzipika zikatoka vile, nilikuwa chumbani kwangu nakunja nguo nikawasikia wakizungumza sebuleni. Ukuta wa tofali bila plasta hauzuii neno. Somoe alikuwa anasema polepole, kwa ile lafudhi yao ya kusini, kwamba amekuja kwa sababu ni mkewe, lakini pale mahali hapakai mtu. "Asubuhi pamekufa, Salumu. Kule kwetu naamshwa na ndege, hata sijui saa. Hapa naamshwa na makelele ya wezi." Kaka alicheka. Somoe hakucheka. Kaka akaacha kucheka, akasema, "Sasa mie ndege nitawatoa wapi, mwenzangu? Nipe mwaka mmoja. Mwaka ukiisha na moyo bado umekataa, nitauza kiwanja tutarudi wote." Kisha nikamsikia Somoe akisema, "Basi niachie uwanja. Usilete mtu wa kuutengeneza. Nitautengeneza mwenyewe." Kaka akasema haya. Sidhani alijua amekubali nini.

Kesho yake Somoe alinipa mwavuli na chupa ya chai, tukaenda kwenye kiwanja cha mtu ambacho kilikuwa hakijafyekwa, tukakaa chini mbele ya kichaka. Nikamuuliza tunafanya nini. Akasema tunamsubiri mgeni wake. Tulikaa pale hadi miguu ikafa ganzi. Ndiyo ilikuwa kazi yake miezi ile yote: kabla hajachimba mti wa kuuhamishia uwanjani kwetu alikaa mbele yake akautazama, ajue nani anakuja na anakuja kufanya nini. Mti usio na mgeni aliuacha, hata uwe na maua mazuri namna gani. Mimi niliita usaili. "Huyu amepita?" namuuliza. "Huyu bado, wifi. Karatasi zake nzuri, ila hana mtu anayemjua." Tulicheka sana. Nilikuwa na miaka ya kuonea haya kila kitu, na bado sikuona haya kukaa kwenye majani na mke wa kaka yangu tukiwafanyia usaili miti. Kivumbasi alipita siku ya kwanza, maana nyuki walikuwa wamekijaa kichaka chake chote. Mshubiri alipita kwa yale maua yake marefu mekundu, ambapo tulimwona kwa mara ya kwanza yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayening'inia kwenye ua na kulifyonza. Mtopetope alipita kwa matunda, na mchongoma pia. Lilipita na lile ua la rangi ya chungwa linaloota duara duara kwenye shina, ambalo watoto wa kusini hulifyonza utamu wake, na Somoe alilifyonza mbele yangu akafumba macho. Mjafari, mti wa miiba, ulimpa tabu ya kuamua. Hatukuona ndege hata mmoja. Alipogeuza jani akakuta viwavi vimelila nusu, akatabasamu. "Huyu tunamchukua. Hawa ndio vipepeo wale wakubwa weusi wenye madoa ya njano." Nikamwambia lakini wataumaliza mti. Akasema, "Umeota uliwe, wifi."

Tulichimba asubuhi baada ya mvua, ardhi ikiwa laini. Alipunguza nusu ya majani ili mti usichoke, akauchimba na udongo wake, akaufunga kwa karatasi za mifuko ya saruji zilizolowekwa, mimi nikabeba kichwani. Karibu miti yote tuliitoa kwenye viwanja vilivyokuwa vinasubiri greda, kwa hiyo tulichimba kwa haraka ya mtu anayeokoa vyombo kwenye nyumba inayowaka. Mjafari aliupanda mbele kabisa ya dirisha la chumba chao. Nikamwambia miiba itamchoma atakapofungua. Akasema atafungua taratibu.

Sasa nimweleze Mama Neema, maana bila yeye habari hii haina maana. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Moshi, karani wa ofisi moja mjini, mwanamke mwenye sauti ya kuita kuku wa mtaa mzima na moyo mkubwa kuliko sauti yenyewe. Nilipougua malaria alinipikia mtori siku zote, akasimama mlangoni hadi nimalize bakuli. Na aliamini, kama walivyoamini watu wote wa Boko na kama nilivyolelewa mimi, kwamba uwanja wa mtu mstaarabu ni mweupe, umefagiliwa asubuhi kwa fagio la chelewa hadi mistari ionekane, na jani lililoanguka ni aibu ya mama mwenye nyumba. Alipoona vichaka vinaongezeka kwetu alikuja na woga wa kweli. "Dada Somoe, mwenzio nasema kwa upendo. Nyoka. Na watu wanasema, unajua watu, wanasema yule mama mume hayupo basi hata kufagia amechoka." Somoe alimkaribisha chai ya mchaichai. Akamwonyesha nyuki. Mama Neema aliwatazama nyuki kwa adabu. Siku iliyofuata akaja na mche wa bogenvilia kwenye kopo la rangi, zambarau inayowaka, akasema kama ni maua basi ndiyo haya. Somoe alimshukuru, akaipanda getini, akaimwagilia kuliko miti yake mwenyewe. Baadaye aliniambia kwa sauti ya chini, "Maua kibao, mgeni hana. Lakini ni ya Mama Neema."

Masika yalipokwisha uwanja ulikuwa umeamka. Sijui niseme vipi bila kuonekana natia chumvi. Kivumbasi kilitufikia kiunoni, ukitaka kuanika nguo lazima ukisukume, na khanga zetu zilinukia hata zikifuliwa. Vipepeo weusi walitoka kwenye mjafari. Shore walikuja kwenye mtopetope wakatupigia kelele tulipokaribia, tetere wakaja kuokota chini, na kunguru, sijui kwa sababu gani, wakapunguza kutua. Kila asubuhi Somoe alikaa kitandani, dirisha wazi, akisikiliza. Nilipitisha chai yake nikaiweka sakafuni nikatoka kwa ncha za vidole. Kisha akanikataza kupangusa utando wa buibui kwenye pembe za dirisha. Nikadhani mzaha. Mama Neema alipoona utando ule alishika kifua. Lakini yule ndege mwenye mdomo uliopinda, jike lake la kijivu, alikuwa anakuja kuuchukua, anauvuta uzi kwa uzi, anaondoka nao hatua chache tu hadi kwenye tawi la mjafari, na pale alikuwa anashona kifuko cha majani makavu, kinaning'inia, kina mlango pembeni. Somoe aliponionyesha alinishika mkono hadi ukauma. Alikuwa analia. "Kaka yako lazima aione hii," alisema. "Akiiona hii, wifi, mie nimekaa. Sirudi tena."

Kaka alikuwa hajaona lolote, na lilikuwa jambo la kutaniana nyumbani. Alifika jioni amechoka, akala, akalala, akaondoka kabla ya mapambazuko kuwahi foleni ya mzani. Uwanja aliujua kwa kuchanwa suruali na mchongoma. "Nyie mnanilea chui humu ndani," alituambia. Safari ile ya mwisho alipokuwa anafunga viatu Somoe alimwambia kuhusu kiota. Nilikuwa mlangoni nikawasikia. Kaka akasema safari hii akirudi amepewa mapumziko, atakaa wiki nzima, atalala hadi jua litoke, na huyo ndege wake aje amwamshe. "Usipoamka?" Somoe akamuuliza. "Nitaamka. We' mwambie asihame." Aliondoka. Mayai yalikuwa mawili, Somoe aliyaona kwa kioo changu cha kujitazamia alichokifunga kwenye fimbo, na tangu hapo tulipita mbele ya dirisha tumeinama.

Habari ilikuja mchana, imeletwa na mtu wa ofisi ya malori, amesimama getini kando ya bogenvilia, kofia mkononi. Lori lilikosa breki mlimani, njia ya Songea. Ya siku ile siyakumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka Somoe anaifunga khanga yake kiunoni, anaifungua, anaifunga tena. Nakumbuka Mama Neema ameruka ukuta, hakupita getini, anatukumbatia wote wawili kwa pamoja na kusema, "Nendeni. Nendeni mkamfuate ndugu yenu, nyumba niachieni mimi." Tukaenda. Mwili ulikuwa unaletwa hospitali mjini, tukaungoja usiku ule na siku ya pili yake, tukisaini hiki na kusubiri kile, na katika kusubiri Somoe alizungumza mara moja tu. Alisema, "Afadhali dirisha lile lipo. Eda nitakaa pale. Asubuhi watanisemesha." Nilimshika bega. Na mimi nilikuwa nimeshaliwazia dirisha lile, nikapata nafuu kidogo.

Tulirudi na jeneza adhuhuri. Kona ya mwisho ukiikata nyumba inaonekana, na niliiona nyumba ikiwa peke yake. Uwanja ulikuwa mweupe. Walikuwa wamefyeka kila kitu. Watu wa mtaa wote walikuwa wamejitolea, Waislamu na Wakristo, wenye panga na wenye majembe, wameng'oa na visiki ili wazee wasijikwae, wamefagia kwa chelewa hadi mistari ikaonekana, wamemwagia maji vumbi lisiwasumbue wageni. Turubai lilikuwa limesimama palipokuwa na mtopetope. Viti vimepangwa safu kwa safu mbele ya dirisha. Nyuma ya choo rundo lilikuwa linafuka moshi, na moshi ule ulinukia kivumbasi. Getini wameacha mti mmoja tu, bogenvilia, kwa kuwa lilikuwa ua na hayo mengine yalikuwa magugu. Walisimama wote wakitutazama na nyuso zao za huzuni, na ndani ya huzuni ile niliona jambo jingine, kwamba walikuwa wanasubiri kidogo tu, kama binadamu, kuona kwamba tumeona. Mama Neema alikuja mbele. Mikono yake ilikuwa imechanwa hadi kwenye viwiko, mistari ya damu iliyokauka, miiba ya mjafari. Mti wa dirishani alikuwa ameukata yeye mwenyewe, hakutaka kumwachia mwingine aumie. "Dada Somoe," alisema, "tumejitahidi pawe pazuri kwa ajili ya baba." Somoe alizunguka na macho yake uwanja mzima, taratibu, akaanzia getini akaishia dirishani. Akaichukua ile mikono iliyochanwa, akaishika. "Asanteni," alisema. "Asanteni sana jirani zangu. Mungu awalipe." Sijawahi kusikia neno lililomgharimu mtu kama lile.

Alikaa eda dirishani, kwa sababu nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu na hakuwa na mahali pengine pa kukaa. Nilikaa naye hadi mwisho. Kila alfajiri alifungua dirisha, kunguru wakaanza juu ya bati, na yeye akakaa akiwasikiliza kwa utii, khanga nyeusi imefunika kichwa. Mama Neema alikuja kila jioni baada ya kazi, na chakula, na akaufagia uwanja, kwa sababu mwenye nyumba hawezi kutoka. Chelewa ikapita chini ya dirisha, kwaa, kwaa, ikichukua kila chipukizi lililojaribu kutoka. Nilitaka kumwambia. Somoe alinikataza kwa jicho. Siku moja tu, ufagio ulipokwisha kupita, alisema, bila hasira, akitazama pale palipokuwa na mjafari, "Wangeniachia ule mmoja." Nilitoka nikaenda kulia bafuni nimefungulia bomba.

Eda ilipokwisha alifunga vitu vyake na kurudi kusini, na kiwanja kikauzwa. Mama Neema alilia kuliko sote pale getini, akamkatia tawi la bogenvilia akapande kwao. Somoe alilibeba limefungwa karatasi ya saruji iliyoloweshwa. Hakuolewa tena. Hakurudi Dar es Salaam, hata kwa harusi yangu, alinitumia ming'oko, vile viazi vya porini kwao, na korosho na salamu. Miaka ilivyokwenda simu zikaja, tukawa tunapigiana, na kila mara aliniuliza swali lile lile kabla ya watoto na kabla ya afya. "Asubuhi kwako kuna nani?" Nilipojenga hapa Tegeta nikaweza kumjibu, kwa sababu nilifanya alivyonifundisha. Nilikaa mbele ya vichaka vya watu na mwavuli wangu. Mume wangu alinicheka hadi akazoea. Mjafari uko mbele ya dirisha hili, na msiba wa mume wangu uliwekwa Temeke kwenye nyumba ya ukoo wao, kwa hiyo hakuna aliyeugusa. Mara ya mwisho tulipozungumza nilikuwa nimeshaanza eda. Aliniuliza nani yupo. Nikamwambia shore wapo, tetere wapo, yule wetu bado anakuja na kuondoka. Nikamsikia anahema. "Basi hauko peke yako," alisema. Sikujua kama tunaagana.

Habari ya kifo chake ilipofika, mtaa ulijua kabla sijamaliza kuongea na simu. Nikasikia geti. Vijana wa hapa jirani walikuwa wameingia, wengine ni wale niliowafundisha darasa la tatu, wana panga, reki na fagio, na mmoja wao, Frenki, ameshashika shina la kivumbasi. Wametumwa na akina mama. Nilisimama dirishani nikamwita.

"Frenki. Acha hapo."

"Shikamoo mama, pole na msiba. Tunapiga fasta tu mama, tunasafisha hapa, turubai likae, watu wasije wakaungua jua."

"Msikate hata jani moja, baba."

Alitazama panga lake, akanitazama. "Sasa mama, wageni watakaa wapi?"

"Barabarani. Fungeni mtaa, mpige turubai barabarani."

"Ila hapa mlangoni hapapitiki vizuri, mama. Wazee watajikunakuna na haya majani. Sie tulitaka tukusaidie."

"Najua mnanisaidia," nilimwambia, nikashika nondo za dirisha. "Najua mwanangu. Ndiyo maana nakuomba."

Aliweka panga chini. Nilimsikia akiwaambia wenzake nje ya ukuta kwamba mama amechanganyikiwa, misiba miwili kwa mpigo, tumwache. Walifunga mtaa. Wanaume walikaa barabarani. Wanawake walikuja ndani kwangu mmoja mmoja, kwa sababu njia ya kuja mlangoni haipishi wawili, wamejibana ubavu, wanasukuma matawi kwa viganja na kulalamika kwa sauti za chini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Somoe. Kila aliyeingia kunipa pole yake aliingia na harufu ya kivumbasi kwenye khanga, na kila mmoja nilimkumbatia, nikakaa naye hivyo hadi yeye mwenyewe aniachie.